Firigisi ya Mgeni

Kilichoninyima usingizi katika miezi yangu ya kwanza ya kazi ni swali moja: wanawake wa Kashikishi walikuwa wamejua nini juu yangu ambacho mimi mwenyewe sikukijua? Wiki ya kwanza darasani walikuja kumi na wanane. Wiki ya pili wakaja wanane. Wiki ya tatu wakaja wawili, wakasimama mlangoni, wakanisalimu kwa heshima zote, wakasema wamefuata kisu walichokisahau. Wakakichukua, wakaenda zao. Nilijigeuza kitandani nikihesabu makosa yangu. Sketi yangu? Ilipita magoti. Kibemba changu cha mjini? Walikuwa wamekicheka siku ya kwanza na tukacheka pamoja. Labda nilisema sana. Labda nilisema kidogo. Makosa niliyoyapata yalijaa kurasa mbili za daftari, na lile la kweli halikuwamo.

Nimestaafu juzijuzi, na ninyi mnaoshika mwiko na chaki baada yangu mmeniomba niandike nilivyoanza. Vyeo na mishahara vimo kwenye faili, na faili halinuki chochote. Mimi nitaandika juu ya kuku watatu. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu nusu yenu mmetoka ng'ambo ya ziwa, na kwa sababu kazi hii nilifundishwa kwa Kiswahili, ingawa cheti changu kiliandikwa kwa Kiingereza.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, nimetoka chuo cha mapishi na utunzaji wa nyumba, mtoto wa mji wa migodi ambaye hakuwahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Nilipofika Nchelenge karani wa halmashauri alinipa ufunguo na sharti. Mwisho wa kiangazi angekuja kuangalia daftari la mahudhurio. Kama wanawake hawatafika kumi, kituo kitafungwa, mabenchi yatapelekwa Mansa, nami nitapangiwa kwingine. Alilisema bila ubaya wowote, kama mtu anayekwambia basi linaondoka saa ngapi. Mimi nililichukua kama hukumu, maana ndivyo nilivyokuwa nikichukua kila kitu.

Kituo kilikuwa Kashikishi, karibu na soko: chumba kimoja cha matofali, sakafu ya saruji, meza mbili, mabenchi sita, na mlango wa mbele uliotazama ziwa. Nyuma kilikuwa chumba changu cha kulala na kibanda cha jiko. Kati yangu na maji watu walianika chisense, vile vidagaa vya ziwa Mweru, juu ya mchanga na mikeka, hata chaki zangu zikanuka samaki. Katika sanduku la vifaa nilikuta vikombe vya kupimia, mizani isiyorudi kwenye sifuri, kipimajoto cha tanuri, na kijitabu cha masomo kumi na mawili. Tanuri lenyewe halikuwamo. Kipimajoto nilikitundika kwenye msumari ukutani, kikawa kinatuambia joto la chumba, jambo ambalo tulikuwa tunalijua.

Somo la saba katika kijitabu liliitwa "Chakula chepesi cha jioni: kuku wa kuoka, mwenye utamu na chumvi." Palikuwa na picha ya baba, mama na watoto wawili mbele ya kuku mzima anayeng'aa. Somo hilo lilinitia hofu kuliko yote kwa sababu chuoni nilikuwa nimelifanya mara moja tu, kwenye tanuri la umeme, kwa kuku aliyeletwa ameshaoshwa nje na ndani. Nikaamua kulijaribu peke yangu Jumapili ya kwanza, ili nisije nikaaibika mbele ya wanafunzi. Hapo ndipo kuku wa kwanza anapoingia.

Nilimnunua kwa Mama Ngoie. Alikuwa mjane wa makamo kutoka upande wa Pweto, Zaire kama tulivyoiita wakati ule. Alivuka na vitenge, chumvi na kuku katika matenga ya matete, akarudi na magunia ya samaki wakavu. Aliongea na kila mtu Kiswahili chake cha Katanga, na mimi aliniita madamu kwa kuwa nilikuwa mwalimu. Kiswahili changu siku hizo kilikuwa cha kununulia tu. Maneno yangu humu nimeyanyoosha. Ya kwake nimeyaacha yalivyo.

"Chukua huyu jogoo, madamu. Iko na nyama. Bageni yako banatoka wapi?"

"Hakuna wageni, mama."

"Hakuna bageni?" Akacheka, akaniminya mkono. "Bon, unaficha. Bwana anakuya, ee?"

"Hakuna bwana. Nataka kujaribu somo."

Akaacha kucheka. "Kuku nzima," akasema polepole, "ya somo." Akamfunga miguu, akanipa na tenga la kumbebea.

Sasa sikilizeni upishi, maana huu bado unafaa. Jogoo wa kijijini si yule wa kwenye picha. Huyu ametembea. Ukimwoka mbichi utatafuna hadi Jumatatu. Mchemshe kwanza kwa chumvi na kitunguu, taratibu, mpaka uma uingie pajani bila kubishana. Mtoe, mwache akauke. Changanya asali ya msituni na maji ya limau, chumvi, na pilipili uliyoitwanga, umpake kila mahali. Kwa tanuri, chukua sufuria kubwa, mwaga mchanga mkavu vidole vitatu chini, weka vijiwe vitatu, na juu yake sufuria ndogo yenye kuku. Funika ile kubwa kwa kifuniko kilichogeuzwa na ukijaze makaa. Asali ikianza kutokota pembeni na kuwa rangi ya chai, mpake tena. Ikinuka kama sukari ya harusini, yupo tayari. Ikinuka moshi, umechelewa, usinilaumu.

Vya ndani vilinishinda. Kijitabu kilisema "ondoa vya ndani" na kikaishia hapo. Nilipompasua yule jogoo nilikuta vitu ambavyo sikujua kipi kinaliwa na kipi kina nyongo. Nikavitoa vyote kwa pamoja, na shingo na miguu pia kwa sababu havikuwamo kwenye picha, nikavizungushia gazeti na kuvifukia.

Nikala. Mlango niliufunga kwa sababu upepo wa ziwa ulikuwa unapeperusha mchanga. Nyama ilikuwa nzuri, na nilitamani mtu wa kumwambia kwamba ni nzuri. Nilikula siku tatu, Jumapili hadi Jumanne. Somo la tatu la kijitabu lilihusu usafi, nalo lilisema mabaki yafukiwe kwenda chini urefu wa mkono, basi nikatoka na jembe na kuifukia mifupa yote nyuma ya jiko. Ng'ambo ya ua wa matete jirani yangu, Bana Mulenga, yaani mama yake Mulenga, alikuwa anaanika mihogo. Aliacha kuanika. Nikampungia jembe. Hakunipungia mkono, nikadhani jua limemwingia machoni.

Ninyi wa huku mmeshaelewa. Mimi sikuelewa kwa muda wa majuma saba.

Yalikuwa majuma marefu. Nilifundisha somo la nne, la kufua pamba na sufu, mbele ya mabenchi matupu, ili nikiandika "somo limefanyika" isiwe uongo. Asubuhi mitumbwi ilipoingia nilikwenda ufukweni na ndoo. Wanawake walinigawia chisense kama walivyomgawia yeyote aliyesimama pale, lakini hakuna aliyesema, keti. Hakuna aliyekuwa mkali. Mtu akikutukana unaweza kumjibu. Hawa waliniitikia salamu, tena vizuri, wakaendelea kutembea. Ikifika saa ya kula nilisikia vifuniko vya vyungu kila upande wa ua, na watu wakiitana kula bukari, ugali wa huku, kila nyumba kwa sauti yake. Nilizoea kuosha sahani yangu moja polepole ili kazi ichukue muda.

Mama Ngoie alikuja siku moja mchana kufuata tenga lake. Alisimama nje ya kizingiti.

"Madamu, mutu akikuuliza kitu, unasemaka bukweli?"

"Ndiyo, mama."

"Ile kuku ya somo. Ulikula na nani?"

"Peke yangu."

"Yote?"

"Kwa siku tatu."

"Mulango ilikuwa wazi ao ilifungwa?"

"Ulifungwa. Kulikuwa na upepo."

"Na mifupa?"

"Niliifukia."

Akapiga kofi moja, akaweka mikono kichwani. "Yesu wangu! Ni kweli alifukia mifupa!" Kisha akacheka mpaka akakaa kwenye kizingiti, akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Mimi nilisimama na tenga lake mkononi, sijui kama nicheke au nilie.

"Sikia, mutoto yangu," akasema. "Huku samaki njo chakula. Kuku haiko chakula, kuku njo mugeni. Ukichinja, bantu bote banasikia ile kelele, banangoja kuona uso ya mugeni. Banangoja, banangoja. Hakuna mutu anatoka. Kisha unafukia mifupa na jembe! Banasema, huyu anakulaka na bale bantu habaonekane."

"Watu gani?"

"Bafu," akasema, yaani wafu, na akatazama pembeni kidogo. "Miye nilibakatalia. Nilisema, hapana, haiko buloji, haiko buchawi. Ni masomo tu."

Niliuliza nifanye nini. Nilikuwa tayari kuandika barua ya maelezo kwa kila nyumba. Nilikuwa nimeshaanza kuipanga kichwani.

"Unaita mugeni. Unaacha mulango wazi."

"Nimwite nani, mama? Hakuna anayekuja."

Akayatazama yale mabenchi sita nyuma yangu. "Na miye," akasema, "miye niko mubaya?"

Hapo ndipo kuku wa pili anapoingia. Mama Ngoie alikuja Jumapili iliyofuata akiwa amevaa kitenge kipya na kilemba chake, naye hakupita njia ya mkato. Alipita sokoni katikati, akisimama kwa kila aliyemsalimu na kumwambia ameitwa kwa madamu. Alilibeba jina langu kwenye jina lake, kama mtu anayekubebea mzigo usio wake.

Alifika mapema, akakaa nami motoni. Kuku nilikuwa nimeshamwandaa kabla hajaja, na vya ndani vimeshafukiwa. Nilitaka akute mambo safi. Akanikuta nampaka asali.

"Asali? Kwa kuku?"

"Ili awe mtamu, mama."

"Kuku iko tamu yake yenyewe. Hii unafanya njo kuku ao mukate?"

Nikamwonjesha kwa kidole. Akamung'unya, akangoja pilipili imfikie, akainua nyusi. "Ee. Inakubembeleza, kisha inakupiga." Akajisogeza karibu na sufuria.

Ndiye aliyenifundisha kupima moto bila kipimajoto. Weka unga wa mihogo, kiasi cha kucha, juu ya kifuniko cha kopo ndani ya sufuria ya mchanga. Anza kumsalimu mtu, salamu kamili: umeamkaje, wa nyumbani, watoto, kazi, safari. Salamu ikiisha na unga umekuwa rangi ya mchanga, moto unatosha. Unga ukiwahi kuungua, punguza makaa. "Lakini umusalimie mutu mwenye hamukugombana naye," alisema. "Mutu mwenye mumegombana, salamu yake iko fupi, kuku itabakia mubichi." Tukasalimiana juu ya moto, kana kwamba tumekutana pale pale. Nilikuwa sijasalimiwa hivyo tangu nitoke kwetu.

Niliandaa mezani, mlango wazi, bukari ikitoa moshi. Mama Ngoie akanawa, akafunua bakuli. Akachukua kijiko, akaanza kugeuza vipande, kimoja kimoja, kama anayehesabu watoto. Paja, paja. Bawa, bawa. Mgongo, kidari. Akarudia.

"Imondo iko wapi?"

Imondo ni neno la Kibemba, lakini kila mtu wa ukingo huu analitumia, hata wavukaji. Ndiyo firigisi, ile nyama ngumu ya tumboni ambamo kuku anasagia punje zake. Sikujua wakati ule kwamba kila kiungo cha kuku kina mwenyewe, na firigisi ni ya mgeni. Nilijua tu kwamba imefukiwa nyuma ya jiko, na kwamba ameuliza.

Nadhani nilifikiri kwa muda wa pumzi tatu, na katika pumzi tatu mimi huweza kufikiri mambo mengi. Nikisema nimeitupa, ataniuliza kwa nini. Nikisema sijui kuiosha, basi mwalimu wa mapishi hajui kumwosha kuku, na kesho soko zima litajua. Na kutupa chakula ni dhambi, walau kwa mama yangu ilikuwa dhambi. Nikatafuta jibu lenye aibu ndogo kuliko yote.

"Niliionja nikiwa napika," nikasema. "Niliila."

Kijiko kikasimama. Mama Ngoie akakilaza ukingoni mwa bakuli, taratibu, kisilie. Akamega bukari matonge mawili, akachovya mchuzi, akala. Akanawa mikono.

"Aksanti, madamu. Chakula ilikuwa muzuri."

Niliinuka kumsindikiza. "Bakia," akasema bila kunitazama. "Mulango iko wazi. Banatuona."

Akarudi kwa njia ya nyuma ya soko.

Maana ya jambo lile niliipata siku chache baadaye, nilipokwenda kununua chumvi. Bana Mulenga alikuwa amekaa karibu na meza ya Mama Ngoie. Hakusema nami. Alisema na mizani. Alisema kuna watu humwita mgeni, na kabla mgeni hajafika wao wenyewe wameshajipa imondo yake, na mgeni analetewa makombo kwa heshima kubwa, kwenye bakuli zuri.

"Acha, Bana Mulenga," Mama Ngoie akasema, akinipimia chumvi. "Alikuwa na njaa. Hana ndugu huku."

Angenitukana ningeshukuru. Akanipa chumvi, na kwa mara ya kwanza hakuniuliza nimeamkaje.

Tangu siku hiyo upweke ulibadilika. Mwanzoni nilikuwa peke yangu bila kujua sababu, na mtu asiyejua sababu bado ana tumaini kwamba wenzake wamekosea. Sasa nilijua. Palikuwa na mtu mmoja aliyenitetea kwenye ukingo mzima wa Mweru, nami nilikuwa nimemfanya mwongo mbele ya wenzake kwa sababu sikutaka kusema maneno mawili: sijui kuosha. Kila siku niliyapanga maneno hayo. Niliyapanga kwa Kibemba, kwa Kiswahili, mara moja hata kwa Kiingereza. Kisha nilijiambia muda umeshapita, atadhani natunga uongo mwingine. Siku moja nilikwenda hadi mezani kwake nikiwa nimeyakariri yote, na nilipofika mdomo wangu ukaomba jogoo. Akamfunga miguu, akanipa. Tenga hakunipa.

Huyo jogoo, wa tatu, alikaa jikoni kwangu majuma matatu. Sikuwa na mgeni wa kumchinjia, na peke yangu nisingethubutu tena. Aliwika alfajiri na nikamwitikia. Ndiye pekee aliyeanza mazungumzo na mimi siku hizo.

Nikaandika barua Nchelenge, kuomba nihamishwe kabla karani hajaja kukagua daftari. Niliandika kwamba hali ya hewa ya ziwa haipatani nami. Jibu lilikuja upesi, labda kwa kuwa walikuwa wamelitazamia: lori litanichukua Alhamisi.

Alhamisi likaja, asubuhi, likiendeshwa na mzee mmoja mnene aitwaye Ba Mwape. Akabeba sanduku langu la bati, kitanda na godoro, akavifunga kamba nyuma. Kisha akaingia jikoni kunywa maji, akamwona jogoo.

"Na huyu, sista?"

"Sijui nimfanyeje."

"Hujui?" Akacheka. "Nimetoka Mansa na tumbo tupu. Mgeni amefika, jogoo yupo. Au chuoni hawakufundisha hesabu hiyo?"

Alikuwa na haki. Alikuwa mgeni, ana uso, na Bana Mulenga alikuwa amemwona akishuka. Nikachinja. Jogoo alipiga kelele zake, na ng'ambo ya ua mihogo ikaacha kuanikwa. Nikamnyonyoa, nikampasua. Mkono ukaingia ndani, ukatoka na firigisi, ya moto, ngumu kama jiwe lililovikwa nyama. Mkono wangu wa pili ulikuwa umeshanyoosha gazeti.

Ba Mwape alikuwa amekaa nje kwenye kivuli cha lori lake, anapiga mluzi. Niliona vizuri kabisa jinsi mambo yatakavyokwenda. Nitaifukia, tutakula, nitapanda lori, na kule nitakakopelekwa kutakuwa na soko, na kuku, na mgeni, na mtu atafunua bakuli aniulize. Nimekuwa mtu wa kufikiri sana maisha yangu yote, na hiyo ni mojawapo ya mara chache ambapo kufikiri kulifika mahali.

Nikaiweka ile firigisi kwenye sahani ya bati, haijaoshwa, na mafuta yake na vinyuzi vyake. Nikachukua kisu. Nikatoka kwa mlango wa mbele, si wa nyuma, nikapita katikati ya mikeka ya chisense hadi sokoni, hadi meza ya Mama Ngoie. Kila aliyeniona aliitazama sahani kwanza, kisha uso wangu. Wanawake wakasogea.

Nilisema kwa Kiswahili, na nilipomaliza nikarudia kwa Kibemba asije akakosa hata mmoja.

"Mama Ngoie, siku ile nilikudanganya. Sikula imondo yako. Niliitupa. Niliitupa kwa sababu sijui kuiosha. Nimesoma miaka mitatu kupika na sijui kuosha imondo."

Kisha Bana Mulenga akapasuka. "Yangu mayo! Mwalimu wa kupika! Hajui imondo!" Akampiga bega aliye karibu naye, na kicheko kikaenda meza hata meza. Nikasimama ndani yake kama mtu aliyesimama kwenye mvua bila pa kukimbilia. Nikashangaa kwamba hakiumi nilivyokuwa nimekiogopa.

Mama Ngoie hakucheka. Aliichukua firigisi, akaipima kiganjani.

"Ulitupa."

"Nilitupa, mama."

"Na ile ya kwanza?"

"Na ile ya kwanza."

"Na afazali useme ulikula yangu, kuliko useme hujue."

"Niliona haya."

"Haya ya nini? Ni nani alizaliwaka na kisu mukononi, anajua kuosha imondo?" Akanitazama, na sasa pembe ya mdomo wake ilikuwa inatetemeka. "Leta kisu."

Sikilizeni, kwa maana hamtaikuta kwenye kijitabu. Usikate tumboni. Kata ule ukingo mnene, kwa urefu, usiende ndani sana. Ifungue kama kitabu. Ndani mtakuta punje nusu nusu na mchanga wa Mweru, na siku ile tulikuta pia kipande cha gamba la konokono, cheupe. Mwaga, suuza. Kuna ngozi ya manjano, yenye mikunjo. Ingiza ukucha chini yake pembeni na uivute. Mkono ukitulia inatoka nzima kama soksi. Mama Ngoie aliivuta hadi nusu, kisha akanirudishia sahani.

"Maliza."

Nikamalizia, nao wamenizunguka wakinielekeza wote kwa pamoja, kila mmoja kwa jinsi ya mama yake. Kwa mazoea ya daftari nikawahesabu. Walikuwa kumi na mmoja.

"Sasa," Mama Ngoie akasema. Akanishika mkono uliolowa, akaanza tangu mwanzo, kama vile ndiyo nimefika. "Jambo, madamu. Uliamuka muzuri?"

"Niliamka vizuri, mama. Na wewe?"

"Miye niko. Ba kwenu bote banaamuka?"

"Wazima. Na wa ng'ambo?"

Tukaenda hivyo, nyumba, watoto, kazi, safari, bila kuruka. Unga ungekuwa umeungua zamani. Ba Mwape akapiga honi huko kituoni, mara mbili.

"Na huyu mugeni ya lori?" Mama Ngoie akauliza. "Imondo haiko yake?"

"Yeye atakula paja," nikasema.

Nikarudi na sahani yangu. Nikamwambia Ba Mwape afungue kamba, ashushe sanduku, kitanda na godoro, kisha anawe mikono maana kuna watu wanakuja kula. Nikaufungua mlango wa mbele, nikauwekea jiwe usijifunge kwa upepo, nikamwaga mchanga kwenye sufuria kubwa.